Ganzi

Azzan kaja Jabal Shams na kandambili.
Januari hii. Mwana wa dada yangu,
miaka kumi na saba, simu mbili, koti la kuazima,
na vidole vya miguu vimekaa nje
kama watoto waliofungiwa mlango.

Nilimwambia tangu Nizwa: nunua viatu.
Akacheka. Mama mdogo, hii Omani, si Ulaya.

Sasa jua limeangukia ng'ambo ya korongo,
mawe yamerudisha joto lote yaliloazima mchana,
na upepo unapanda kutoka chini
ukipapasa kila mshono.

Njoo. Kaa juu ya mkeka, si juu ya jiwe,
jiwe linakunyonya.
Vua pete hiyo. Kidole kikivimba itakatwa kwa msumeno;
nimezikata nyingi pale hospitali,
za dhahabu na za bati, zote hulia sauti moja.
Glavu zako zina vyumba vitano,
kila kidole kinalala peke yake, kinatetemeka peke yake.
Chukua hizi zangu za mfuko.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
wala hakijipashi moto.

Hapana! Usisogeze mguu kwenye makaa.
Mguu uliokufa ganzi ni shahidi wa uongo:
utaungua huku unakwambia bado, bado.
Usiusugue pia.
Funga kilemba, shusha mpaka masikioni.
Najua, miguu ndiyo inayolia.
Lakini mwili ni mfanyabiashara bahili,
ukipata hasara kichwani
hufunga kwanza maduka ya mbali.

Shika birika. Kwa kitambaa, Azzan, kwa kitambaa.
Kwetu mchoyo huambiwa ana mkono wa birika;
usiku huu sijaona mkono mkarimu kuliko huo.

Bibi yako alizaliwa Wete.
Baridi aliyoijua ni kipupwe:
kanga ya pili mabegani, basi.
Majira yake ya kwanza huku, nyumbani kwa shemeji yake, Tanuf,
aliamka alfajiri hana vidole.
Akavihesabu. Kumi. Akavihesabu tena.
Akamwuliza babu yako:
ugonjwa gani huu, unamchukua mtu na kuacha nyama?

Hakuwa na Kiarabu cha kumwuliza jirani.
Jirani, Bi Thuraya, hakuwa na Kiswahili cha kumjibu.
Aliketi tu sakafuni, akaivuta miguu ya mgeni,
akaibana tumboni mwake chini ya nguo,
akatazama ukutani kama anayesubiri chungu kichemke.
Neno la kwanza walilopatana lilikuwa baridi:
mmoja akilisema kwa irabu nyingi,
mwenzake kwa chache.

Basi lete miguu.
Unaona haya? Nimekuogesha wewe.

Ilipogusa tumbo langu nilipiga ukelele,
mbuzi wa watu wakaitika gizani.
Tukacheka, kisha akanyamaza, kisha akauma meno:
michomo imeingia, sindano, siafu.
Vizuri, nikamwambia.
Hiyo ni damu inabisha hodi.

Sijui alilala saa ngapi.
Mimi nilihesabu nyota hadi nikachoka na nyota.

Asubuhi chupa ya maji imeshika ngozi ya barafu.
Azzan kavaa soksi zangu za sufu, za akiba,
nilizozikausha kifuani usiku kucha.
Kazisokomeza ndani ya kandambili kwa nguvu,
kidole gumba huku, vinne kule,
anatembea kandokando ya korongo kama bata,
anaipiga picha miguu yake.

Yangu imo ndani ya mifuko ya mkate,
ndani ya buti lililolowa.
Hajauliza.