Blanketi Jekundu Mvuani

Mimi, Wilmot Trewavas, mjane, sinywi.
Hata keki ya Krismasi yenye tone la brandi huniwanga kichwani.
Lakini Jumanne, saa nne asubuhi,
mvua ikigonga bati la mahakama kama mdai deni,
karani alinisomea kwamba nilisaidia,
kwa makusudi na kwa kitambaa,
kuuzwa kwa bia baada ya saa kumi na mbili jioni.

Kitambaa chenyewe ni blanketi. Jekundu, la sufu ya Otago.
Ua wangu unatazamana na mlango wa nyuma wa baa ya Heaphy,
na dirisha la jikoni linaiona barabara hadi darajani.
Baiskeli ya Konstebo Gilfedder ikivuka,
blanketi hupanda kambani.
Basi. Sikupiga mbinja. Sikushika kitasa. Sikugusa glasi.

Wakili akasema: kufua si kosa.
Gilfedder akalainisha masharubu, akafunua daftari.
"Mheshimiwa, Jumamosi tano mfululizo
mshtakiwa alianika nguo kwenye mvua."

Mahakama ikaangua kicheko. Hata mimi.

Hakimu hakucheka. Akasema mshika ngazi na mparamia ukuta,
mbele ya sheria, wamevaa viatu vimoja;
kosa ni dogo, ndiyo,
lakini aliyelibeba upande mmoja amelibeba.
Heaphy, pauni tano. Wanywaji, pauni moja moja.
Mimi, shilingi kumi na onyo.
"Ulilipwa nini?" akauliza.
"Sikulipwa kitu."

Sikumtajia shimo namba tatu, mwaka ule gesi ilipolipuka,
wala wanaume tisa waliofukua siku tatu, kucha zikiwatoka,
hadi wakaniletea Jory wangu mzima,
mzima wa viungo, si wa pumzi,
amefunikwa blanketi jekundu.
Hayo hayamo daftarini mwa Gilfedder.
Hakimu aliuliza malipo. Hakuuliza deni.

Blanketi sasa ni kielelezo namba mbili,
limefungiwa kabatini kituoni, bado bichi, litaota ukungu.
Nimelala siku nne na koti la marehemu juu ya miguu.

Leo Jumamosi. Saa kumi na mbili na robo.
Kwa Heaphy taa imepunguzwa, nasikia viti vikivutwa polepole.
Mvua, kama kawaida.
Nimesimama dirishani, shuka la bluu begani,
naliangalia daraja,
na mkono wangu, mkosaji mdogo,
unatafuta vibanio.