Kabla Hujawasha

Yustino, njoo huku nyuma. Achana na kioo,
nywele zako hazitalinasua gari topeni.
Kutoka hapa Liwale mpaka Nangurukuru
barabara ipo kwenye ramani; masika yakiingia
kinachobaki ni uji, nawe ndiye mwiko.

Hii kamba. Katani, si nailoni.
Nailoni hunyooka kama ahadi ya dalali wa ufuta,
halafu paa! unabaki na kipande.
Jeki, na kibao chake cha mninga cha kuwekea chini,
maana jeki bila kibao huzama yenyewe
na gari likabaki pale pale, linakutazama.
Sepetu. Panga, la kukatia matawi
uyalaze barabarani, hatua hamsini nyuma, hamsini mbele.
Ndiyo, pembetatu ya trafiki nayo ipo,
ila dereva wa lori, saa nane usiku, na usingizi wake,
lugha anayoielewa ni tawi bichi.

Huu mche wa sabuni usinifulie soksi.
Tangi likitoboka, sugua hapo mpaka pazibe.
Na vipande hivi vya tyubu ya baiskeli:
bomba la rejeta likipasuka, funga, kaza, zungusha tena,
kama unamfunga kidonda mtu unayemdai,
kwa huruma, lakini usimwachie nafasi.

Dumu la bluu ni la injini, jeupe ni la watu.
Makopa yamo, na korosho kwenye kopo la maziwa.
Ming'oko imalize kabla ya Kimambi,
ikilala haina utamu.

Miaka tisa sikukwama hata siku moja.
Kamba hii ilivuta magari kumi na moja, langu halimo.
Iliwahi kumvuta bwana harusi aliyebaki na bukta,
suti kaining'iniza mtini isichafuke.
Ilimvuta na yule aliyenidhulumu magunia manne:
nilimvuta taratibu, kilomita sita,
apate muda wa kunitazama kisogoni.

Mwaka wa kumi, nimeshapita Miguruwe, giza limeshika,
ekseli ikakatika.
Angalia vitu vyote hivi, uniambie kipi kinaunga ekseli.
Nikashika tochi. Kimya.
Betri ulizitoa wewe, una miaka kumi na moja,
ukasikilizie mpira redioni.

Akaja mtu na baiskeli, magunia mawili ya mkaa.
Shweji Mbonde, akasema, kama anayeitika mahudhurio.
Hakuuliza mengi. Alisikiliza vichakani,
akasema tembo wako karibu, tusikae gizani.
Akafungua gunia. Likaisha.
Saa tisa akafungua la pili.
Yustino, ule ulikuwa mkaa wa kuuza!
Tukauota moto wa bidhaa yake
akinisimulia habari za mbuzi wake mmoja, mkorofi,
aliyekula cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Asubuhi lori likatokea.
Nikatoa pesa, akazirudisha kiganjani mwangu.
Akachungulia nyuma ya gari, kitu kwa kitu, kama wewe sasa,
akauliza: "Chumvi huna?
Nyumbani mboga ni chapwa tangu Ijumaa."

Nilikuwa na kila kitu. Chumvi sikuwa nayo.

Ndiyo hicho kifuko, nyuma ya jeki. Kilo mbili.
Nimepita pale mara nyingi, sijamkuta.
Kila masika inaganda jiwe, naibadilisha.
Si ya gari hiyo, wala si ya safari yako,
na ukiulizwa bei, huijui.

Haya, washa.
Ngoja. Niwashie tochi kwanza, nione.