Ya Mdogo Wangu

Ilianza na mistari ya zambarau,
mitatu, kisha kumi, kisha mvua nzima,
halafu milima ikaanza kumeguka
pembetatu nyeusi nyeusi
kama chapati iliyogombaniwa na watoto.
Nikaifunika. Nikaifunua. Hata kuiombea niliiombea.

Fundi Aikaeli yuko ghorofani, Mtaa wa Rengua,
juu ya duka la pampu za kunyunyizia kahawa;
ngazi zinanuka dawa ya wadudu.
"Ni ya mdogo wangu," nikamwambia kabla hajauliza.
"Kompyuta ya magemu. Mimi naileta tu."

Akailaza kifudifudi.
Skrubu kumi na moja, kila moja na kitundu chake
kwenye trei ya barafu.
"Kadi ya picha imechoka," akasema.
"Wapo watakaokuokea kwa moto.
Itaamka, utacheka, utalipa,
na wiki ya pili utalia.
Mimi sioki. Siuzi mkate."
Bahati yangu, hii ni ya zamani, kadi yake inachomoka;
za siku hizi zimefungishwa na ubao
ndoa ya kanisani, mpaka kifo.

Laki tatu na nusu.
Mimi ni mhasibu, hesabu napiga nikiwa nimesimama:
viatu, nywele za Krismasi, mchango wa sendofu ya Ndeonasia.
"Agiza," nikasema. "Mdogo wangu amekubali."

Kadi ilipanda basi la usiku kutoka Dar
ndani ya boksi la sabuni.
Siku nne nilirudi Pasua mapema
nikaosha vyombo visivyo vichafu.
Mama akasema, "Sasa umepata akili."

Jumamosi nikaketi, nikatazama.
Alikwangua gundi ya joto iliyokauka,
akatia mpya, punje moja ya mchele.
Kisha akafungua feni.
Vumbi la kiangazi. Manyoya ya blanketi, ya waridi.
Na kwa kibano, polepole,
akavuta uzi mrefu mweusi wenye ncha ya dhahabu.
Hakuzitazama rasta zangu.
Aliuweka kwenye trei, pamoja na skrubu.

Ikawaka.
"Jaribu, uone kama mdogo wako ataridhika."
Nilitaka kukosea. Naapa, nilitaka
kubonyeza kigeni, kidole kimoja kimoja.
Lakini mkono wa kushoto una kumbukumbu zake:
ulikwenda wenyewe kwenye herufi nne zilizofutika,
pale ambapo W haisomeki tena
na A ina doa la rangi ya kucha.

Milima ikarudi mizima. Theluji ikaanguka,
chembe kwa chembe, feni ikanong'ona.
Nikaruka korongo, nikaua wawili,
nikajibanza nyuma ya jiwe,
miaka thelathini na miwili, moyo puu puu.

Fundi alikuwa amegeukia dirisha,
kule Kibo ilikojifunika tangu Jumatatu,
kwa adabu ya mtu anayesubiri mwenzake avae.

"Mwambie mdogo wako," akasema nikihesabu noti,
"asiilaze juu ya blanketi. Inakosa pumzi."
"Nitamwambia."
"Na mwambie amenishinda. Lile korongo, mimi nafia pale kila siku."

Usiku huu inakaa juu ya kibao cha kukatia mchicha.
Mama anauliza kibao kimekwenda wapi,
nani kakichukua.
Sijamjibu.
Nyumba hii, kitindamimba ni mimi.