Hakufika si Amefeli

Saa nne usiku, Brno. Theluji imegeuka tope,
tramu ya mwisho ya njia ya kilimani imekwaruza kona,
na Bohdana bado anakodolea macho mistari kumi na saba:
LIMEFELI. LIMEFELI. LIMEFELI.

Kwenye mashine yake yote ni kijani,
kijani kama supu ya njegere inayopoa kando ya kibodi.
Wekundu unatoka mbali, kwa Otmar, mpima maji wa bwawa dogo milimani,
kwenye kompyuta iliyonunuliwa mwaka aliozaliwa bintiye,
na binti sasa anaendesha lori.
“Programu yenu imeharibika,” ameandika Otmar.
“Mto unapanda. Niiamini, nisiiamini?”

Siku mbili alipepeta msimbo wa kupima kina,
hakuona chuya wala jiwe.
Akaupepeta tena.
Usiku wa tatu akaacha kumbana mshtakiwa,
akamgeukia shahidi.

Jaribio lenyewe ndilo lililosema uongo,
wala si kwa ubaya.
Liliita jina moja tu, kazi ndogo
ya kugeuza tarehe kuwa sekunde,
na maktaba ya mashine ile kongwe
haijapata kuwa na jina hilo kwenye rafu zake.
Likaita. Kimya.
Likarudi mbio likipiga yowe: mto umekosea!

Hapo akamkumbuka Bi Havránková wa hesabu,
aliyekataa kumwandikia Jindra sifuri
wiki ile Jindra alipolazwa kwa surua.
Alichora kistari.
“Sifuri,” alisema, “ni ya aliyekaa akaandika.
Huyu hatujamuuliza kitu.”

Basi Bohdana akalifunza jaribio adabu ya mlangoni:
piga hodi kwanza. Yupo? Ingia, pima.
Hayupo? Chora kistari, taja sababu,
usimzushie mtu.

Vistari kumi na saba. Safi.
Angeweza kuzima taa.
Lakini kistari hakipimi maji.
Akabandika supu tena, akaiandika mwenyewe ile kazi iliyokosekana,
miezi yenye thelathini, yenye thelathini na moja,
na Februari, hiyo Februari,
ikamchezesha kindumbwendumbwe hadi saa nane.

Akayaendesha upya, kwenye mashine ya Otmar, kwa waya mrefu.
Kijani. Kijani. Kijani. Akahesabu kwa kidole kwenye kioo:
kumi na sita.

Moja likabaki jekundu.

Akalifungua. Kina cha maji chini ya barafu,
alama ya kutoa imedondoka njiani.
Kosa lake, la mkono wake, la vuli iliyopita.
Lilikuwa limesimama humo muda wote likisema kweli,
bega kwa bega na waongo kumi na sita.

“Otmar,” akaandika, “usiiamini bado.
Kapime kwa kijiti hadi asubuhi.”
Akavuta kiti karibu.
Supu ilikuwa inaungua.