Novemba Isiyo na Kura

Kura mia mbili na kumi na nne.
Nimezihesabu mara tatu, kama mtu apapasaye mifuko
akitafuta ufunguo anaojua fika ameupoteza.
Hapa Hietasalmi, ambako baba zetu
walizaliwa wanachama, majina ya kanisani wakapewa baadaye.

Makao makuu Helsinki wakatuletea nembo mpya,
waridi lililokolezwa rangi kidogo,
na mtaalamu mwenye viatu visivyojua theluji.
Akasema tatizo letu ni moja: ujumbe haukufika.
Aune, mweka hazina, miaka sabini na tisa,
akaziweka chini sindano za kufumia.
"Ulifika, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana."

Kukubali kushindwa si kazi.
Kazi ni kukubali kwamba waliokuacha
walikuwa na sababu, na sababu ina anwani.

Basi Novemba, mwezi usio na uchaguzi wala jua,
tukapita mlango kwa mlango mikono mitupu,
bila vipeperushi, bila puto, bila kalamu za bure.
Watu walichungulia nyuma yetu wakitafuta kamera.

Reijo Kettumäki alifungua upana wa pua.
"Kura lini?"
"Hakuna kura."
"Basi nani kafa?"
Nikamwambia hakufa mtu.
Akafikiri. "Chama," akasema, akarudishia mlango,
polepole, kwa adabu, kama afunikaye maiti.

Eetu, dereva wa lori la magogo, siku hizi yuko na wale wapiga kelele.
Nikamkumbusha habari ya debe tupu.
"Angalau nalisikia," akajibu.
"La kwenu limejaa nini?"
Nikatazama magurudumu yake. Mazuri sana, magurudumu yale.

Kisha nyumba ya njano, kwa Mirva.
Nilikuwa nimebeba maneno yaliyovaa glavu:
bajeti, mazingira ya wakati ule, shinikizo.
Lakini mtoto mwenyewe alikuwa mezani,
miaka minne, uji wa shayiri hadi kwenye nyusi,
yule aliyezaliwa ndani ya gari, kilomita ya sabini na moja,
majira ya baridi yaleyale tulipoifunga wodi ya wazazi.
Nikauweka mkono mezani kama kitu cha kuazima.
Nikasema: huu. Niliuinua mimi.
Si nyakati, si Brasels. Mkono huu.

Hakunisamehe.
Alinimiminia kahawa nusu kikombe,
na kwetu nusu kikombe ni sentensi kamili:
utaondoka, ila si sasa hivi.

Hatukuandika azimio. Tuliandika zamu:
kila usiku gari moja, tangi limejaa,
kwa yeyote atakayeshikwa na uchungu.
Barazani tukadai wodi ifunguliwe, tukashindwa, kumi na tisa kwa nane.
Tukadai tena. Kumi na nane kwa tisa.
Mtaalamu akapiga simu: je, magari yana nembo?
Aune akamjibu yana koleo.

Februari, saa tisa usiku, simu.
Reijo. Mke wa mwanawe.
"Hii haina maana nitawapigia kura," akasema kabla ya salamu.
"Sijauliza," nikasema, kiatu kimoja mguuni.

Barabara nyeupe, misonobari nyeusi, hita ikilalama.
Binti yule alihesabu pumzi kwa sauti,
mumewe akikosea hesabu kila mara.
Reijo mbele, begi mapajani,
hakusema neno hadi taa zilipoangaza kibao cha sabini na moja.
"Ni hapa?"
"Ni hapa."

Akavua kofia.
Sikujua nipunguze mwendo au niongeze.
Nikaongeza.