Sufuria ya Kuazima

Niliwauliza watu kumi na mmoja wa Namatala:
nikichemsha maharagwe usiku, nikuuzie asubuhi kwa kikombe,
yameiva, yamelainika, wewe ukaange kitunguu tu,
utanunua?
Wote walisema ndiyo.
Nandudu alisema ndiyo mara mbili, akanishika mkono:
kwa makaa ya siku hizi, mwenzangu,
nani wa kungoja sufuria saa tatu nzima?
Nikaandika kwenye daftari la mwanangu,
nyuma ya hesabu zake za kugawanya:
kumi na mmoja.

Shemeji yangu Wamono alitaka twende sako siku ile ile.
Mkopo wa milioni mbili, sufuria nne, jiko la matofali,
kibao chenye jina langu kwa rangi nyekundu.
Nikamwambia, mchuzi huonjwa kwa kiganja,
hauonjwi kwa bakuli.
Nikaazima sufuria ya chama cha mazishi,
ile iliyochorwa namba kwa msumari,
nikapima kilo tano za nambale,
nikakesha.

Jumatatu nilifungua saa moja asubuhi.
Vikombe vitatu.
Kati ya wale kumi na mmoja alikuja Nandudu peke yake,
kuomba chumvi.
Akafunua mfuniko, akanusa, akasifu,
akaondoka na chumvi yangu.
Wanangu walikula maharagwe mchana, wakala usiku,
wakala Jumanne, na Jumanne usiku yule mdogo akauliza
kama tumefilisika au tumetajirika.
Nikaikata ile kumi na mmoja kwa mstari.

Lakini vile vitatu vilikuwa na miguu. Nikavifuata.
Kimoja kilikwenda kwa Wepukhulu, mlinzi wa ghala la kahawa,
anayelala mchana na kuamka jua likizama.
Viwili kwa wasichana wanaosomea uuguzi,
chumba kimoja, sigiri moja, ndoo moja.
Asubuhi si saa ya maharagwe, mama, alisema Khalayi,
akitafuta kiatu chake chini ya kitanda.
Asubuhi ni saa ya kukimbia.

Jumatano nikafungua saa kumi na mbili jioni.
Kumi na tisa.
Alhamisi mvua ilishuka kutoka mlimani kama imetumwa. Saba.
Ijumaa nikapandisha bei shilingi mia mbili
nione nani atageuka.
Waligeuka wawili. Mmoja akarudi, akisonya.
Wepukhulu aliniita mwizi, akahesabu sarafu,
akataka yasiyo na chumvi kwa ajili ya presha yake,
na kesho, akasema, usichelewe.

Usiku nikapiga hesabu kwa tochi ya simu.
Maharagwe. Makaa. Madumu mawili ya maji.
Ikabaki kitu, nikatabasamu,
kalamu ikaanguka, nikainama kuiokota,
mgongo ukakataa.
Nilikuwa nimeusahau mgongo kwenye orodha!
Nikauandikia ujira wake, mdogo tu, kama wa kibarua,
na faida ikanywea
kama sweta lililofuliwa kwa maji moto.

Jumamosi kulikuwa na msiba upande wa sokoni;
chama kikaja kuchukua sufuria yake.
Sikupika. Nilikaa,
na kusema kweli nilifurahia kukaa.
Saa kumi na mbili na robo, hodi.
Wepukhulu, kopo mkononi,
sare imefungwa vifungo kombo.
Leo hakuna?
Hakuna.
Akanitazama kama niliyemvunjia ahadi.
Akasema nimemharibia usiku,
akasema mtu asianzishe jambo kwa mzaha,
akaenda zake, kopo likimgonga goti.

Wamono, fomu za sako bado mfukoni,
akauliza ninacheka nini.
Nilifungua daftari.
Chini ya kumi na mmoja niliyoikata
nikaandika: mmoja, amekasirika.
Kisha nikavaa viatu, nikaenda kuulizia bei ya sufuria.
Moja.