Kamba Kuukuu

Dukani kwa Enid Thackray, uchochoro wa nyuma, Hull,
nimepewa kubandika bei: birika lisilo mfuniko,
saa iliyogoma saa nne na robo,
kiatu kimoja.
Kimoja! Nani atakinunua?

Enid anacheka. Neno lao la vikorokoro, “junk”,
asema lilikuwa kamba ya meli iliyochakaa:
waliikata vipande, wakaichambua uzi kwa uzi,
wakaitia kalafati kwenye mbao, maji yasipite.
Kumbe taka ndiyo iliyozuia bahari.

Na “shop”? Kibanda tu,
kipenu kilichoegemea ukuta wa mwenyewe.
Nikatazama paa letu likidondosha mvua ndooni,
nikakubali.

Nami nikampa yangu: duka,
lilifika kwetu na wageni, likavua viatu, likakaa;
siku hizi halikumbuki kwao.
Na mtumba, furushi tu, mzigo wa kubebwa,
leo ni shati la marehemu wa Hull
linalomkaa vizuri binamu yangu Korogwe.

Saa kumi na moja akageuza kibao cha mlangoni.
Kiatu hakikununuliwa.
Nikakirudisha dirishani,
ncha ikielekea barabarani.